Waliofaulu ni wangapi, na walioanza walikuwa wangapi?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali, ule tunaoita Exetat, yakitoka, tunasikia nyimbo njiani na kuona vijana wamemwagiwa poda nyeupe kichwani. Shule inatangaza: «Tumepata asilimia 90!» Tunafurahi, na ni haki yetu kufurahi. Lakini kuna swali ambalo hatuulizi: asilimia 90 ya nani?

Tuchukue mfano wa kuhesabu tu. Watoto 52 wanaanza mwaka wa 7. Tuseme hakuna mgeni anayeingia katikati. Miaka sita baadaye, wanaokaa kwenye mtihani ni 30, na 27 wanafaulu. Ukihesabu waliofika mtihanini, ni asilimia 90. Ukihesabu walioanza, ni kama asilimia 52. Hesabu zote mbili ni za kweli, ila ya kwanza inawasahau watoto 22. Sasa tuseme kati ya wale 52 wasichana walikuwa 24, na mtihanini wamebaki 9. Hapo ndipo mama anapaswa kusimama na kuuliza: wengine wako wapi?

Wanakotokea

Sisi walimu tunaona kwamba mtoto hatoki shule kwa siku moja. Kwanza anakosa siku ya soko. Halafu anakosa juma zima wakati wa kuvuna maharagi. Anafukuzwa kwa sababu ya minervale, anarudi, anafukuzwa tena. Siku moja jina lake linaitwa na hakuna anayeitika.

Mlango mkubwa wa kutokea ni baada ya mwaka wa 6. Tangu mwezi wa tisa 2019 shule ya msingi ya Serikali ni ya bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema. Lakini kuanzia mwaka wa 7 malipo yanarudi, na nyumba nyingi zinachagua nani aendelee. Mvulana anaweza kuvutwa na koltani ya Rubaya au na machimbo ya Walikale. Msichana anabaki na wadogo wake, au anaposwa.

Tukumbuke sheria. Tangu mwaka 2016 Kanuni ya Familia inasema umri wa ndoa ni miaka 18, kwa msichana sawa na kwa mvulana. Na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inalinda haki ya msichana mwenye mimba au aliyezaa kuendelea na masomo. Kwa hiyo binti aliyejifungua hajamaliza shule. Amesimama tu njiani, na jina lake lisifutwe.

Aliyehama si aliyeacha

Kwetu kuna jambo lingine: vita. Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yalipofika Masisi-Centre, na mwezi wa tatu Walikale, familia zilikimbia. Mtoto aliyekuwa Masisi sasa anasoma labda Goma au Minova. Shule aliyotoka inaandika «ameacha». Shule aliyofikia inamwita mgeni. Hakuna anayejua kwamba ni mtoto mmoja anayeendelea.

Shida hii haiko kwetu tu. Marekani wana vyuo vya jamii, vya miaka miwili, ambamo wengi ni watu wa kazi na wamama wenye watoto. Sheria ya mwaka 1990 ilivitaka vitangaze asilimia ya wanaomaliza. Lakini hesabu ile iliwaangalia wale tu walioanza chuo kwa mara ya kwanza na wanaosoma siku nzima, na iliwapa miaka mitatu. Mama aliyesoma nusu siku hakuonekana. Aliyehamia chuo kikuu kabla ya kupata cheti hakuhesabiwa kuwa amemaliza. Baadaye waliongeza hesabu nyingine inayomfuata mwanafunzi hadi miaka 8 na kuonyesha pia waliohama. Wanafunzi ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Hata kwetu, vituo vya kurudisha masomo vinafundisha miaka sita ya shule ya msingi kwa miaka mitatu, kwa watoto waliochelewa. Mtoto anayemaliza pale ana umri mkubwa, lakini amefaulu.

Daftari la kikundi

Hatuhitaji mashine. Kikundi cha wamama kinaweza kununua daftari moja na kuchagua darasa moja, tuseme mwaka wa 7 wa shule iliyo karibu. Mwezi wa tisa, pamoja na prefe na kamati ya wazazi, andikeni majina yote, wasichana na wavulana mbalimbali. Mwisho wa kila semestri, mbele ya kila jina andikeni neno moja kati ya manne: yupo, anarudia mwaka, amehama, ameacha. Aliyehama, andikeni alikokwenda. Aliyeacha, andikeni sababu kama nyumba yake inavyoisema. Daftari likae kwa mama mmoja anayeaminiwa, lisisomwe sokoni, maana mambo ya nyumba za watu yana heshima yake.

Kati ya semestri, mwalimu awajulishe jina la mtoto aliyekosa siku tano mfululizo. Mama mmoja aende kuwasalimia nyumbani. Asiende kama polisi. Aulize: «Kuna nini, tunaweza kusaidia wapi?» Pengine ni daftari na kalamu. Pengine ni minervale ambayo prefe atakubali ilipwe kidogo kidogo, au sanduku la kikundi linaweza kukopesha. Pengine ni mahari iliyokwisha kujadiliwa, na hapo wamama watano wana nguvu kuliko mmoja.

Na familia ikikimbia, buletini ya mtoto iwekwe pamoja na karatasi za kuzaliwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Bila buletini, mtoto wa mwaka wa 8 anaweza kurudishwa nyuma, na anayerudishwa nyuma huchoka mapema.

Kwenye mkutano wa wazazi unaokuja, shule ikitangaza asilimia yake, tupige makofi. Halafu mama mmoja anyanyue mkono na kuuliza kwa heshima: «Prefe, kati ya walioanza, wamefika wangapi? Na wasichana ni wangapi?»