Acheni Kuniuliza Nembo Inauzwa Wapi

Kila msimu wa kahawa unapokaribia, swali ni lile lile. Wanaliuliza viongozi wa vyama vya msingi, vijana wa kikundi cha asali, akina mama wanaosuka vikapu: "Mtaalamu, ile nembo ya biashara ya haki tunaipata wapi, na ni shilingi ngapi?" Anayeuliza huwa ameshaamini kwamba nembo ikibandikwa kwenye gunia, mnunuzi wa Ulaya atapiga hodi na bei nono, na bei hiyo itatua mkononi mwa mkulima. Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu. Leo nalijibu kwa hesabu.

Tangu Agosti 2023, bei ya chini ya Fairtrade, ndiyo hiyo nembo ya biashara ya haki, kwa arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, yaani gramu 454. Kwa robusta iliyokaushwa na maganda yake ni dola 1.20. Ukiigeuza hiyo ya robusta iwe kwa kilo, unapata kama dola 2.65. Hapo ndipo mkutano hupiga makofi. Mtu wa Karagwe anatoa simu, anazidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, anaona bati jipya juu ya nyumba.

Subirini kwanza. Hiyo ni bei ya kilo moja ya kahawa safi, iliyokobolewa, ikapangwa madaraja, ikafungwa kwenye gunia na kupakiwa melini. Mkulima wa Kagera kwa kawaida hauzi kahawa safi. Anauza ya maganda, na kilo mbili za maganda hutoa takriban kilo moja safi. Kwa hiyo ile dola 2.65 imeshakuwa 1.32 kwa kila kilo aliyoiweka kwenye mizani, na bado hatujakata kitu. Sasa kata gharama ya kukoboa, magunia, lori la kwenda bandarini, ushuru wa halmashauri, tozo ya chama cha msingi na ya chama kikuu. Kata pia riba ya mkopo ambao chama kilichukua benki ili kimlipe mkulima malipo ya awali. Kinachobaki ndicho chake. Anayekwambia dola 2.65 ni bei ya shambani, ama hesabu zimempita kushoto, ama kuna kitu anakuuzia.

Na wauzaji wapo. Anakuja mtu na mkoba na makaratasi ya rangi, anajiita mshauri, anaomba kila mwanachama achangie ili "awaletee cheti". Cheti hakiletwi na mtu kwenye mkoba. Kwa Fairtrade, ukaguzi hufanywa na kampuni ya FLOCERT, yenye makao yake Bonn, Ujerumani. Chama huomba kwao, hulipa ada kwao, kisha mkaguzi anakuja kufungua daftari la wanachama, kusoma mihtasari ya mkutano mkuu na kulinganisha stakabadhi za malipo na kilo zilizopokelewa. Baadaye anarudi tena kuangalia kama mmeendelea hivyo. Mshauri wa kweli atawasaidia kupanga hayo madaftari. Anayewauzia cheti ni tapeli, na michango yenu hamtaiona tena.

Haya, tuseme cheti mmekipata. Hakuna mnunuzi hata mmoja duniani aliyelazimishwa kununua kwenu. Cheti ni ruhusa ya kuuza kwa masharti yale, basi. Vyama vingi vya kahawa vyenye cheti huuza chini ya nusu ya mavuno yao kwa masharti hayo. Iliyobaki huenda soko la kawaida kwa bei ya kawaida, ilhali gharama za ukaguzi zimeshalipwa. Mnunuzi huonja kwanza, nembo anaitazama baadaye. Kahawa iliyochumwa mbichi na mbivu pamoja, ikaanikwa kwenye udongo pembeni mwa zizi, haitaokolewa na kibandiko.

Hata hiyo bei ya chini ina siku zake. Mwaka 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili katika soko la New York, huku wenye nembo wakiuza kwa dola 1.26. Miaka ile nembo iliokoa kaya. Februari 2025 arabika ikavuka dola 4. Siku kama hiyo, bei ya chini ya dola 1.80 ina kazi gani? Ni mkanda wa kiti tu: una faida siku ya ajali, lakini hauongezi mwendo wa basi. Tena bei ikipanda hivyo ndipo wanachama hukikimbia chama na kumuuzia mlanguzi mwenye fedha taslimu mlangoni, halafu chama kinashindwa kutimiza mkataba kilioutia saini.

Juu ya bei kuna nyongeza ya Fairtrade ya senti 20 kwa ratili, na hii ndiyo sehemu ya mpango ninayoiheshimu. Hailipwi mtu mmoja mmoja. Inakwenda kwa chama, mkutano mkuu ndio unaoamua, na angalau senti 5 kati ya hizo lazima ziende kwenye ubora na tija. Kontena la magunia 320 ya kilo 60 huleta nyongeza ya karibu dola 8,500. Igawe kwa wanachama 2,000: kila mmoja anaondoka na dola nne na ushee, zinaisha kabla hajafika nyumbani. Iacheni ikae pamoja, inanunua mashine ya kumenya. Chama kikuu cha KCU cha Bukoba, kilichoingia kwenye biashara hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilitumia sehemu ya fedha hizo kununua hisa za kiwanda cha kahawa cha TANICA. Huko ndiko kuitumia nyongeza.

Lakini nembo haifiki kabisa mahali ambapo mkulima anaporwa hasa. Wahaya wa Kagera wana jina la uporaji huo: butura. Kahawa ingali maua au punje za kijani, mtoto amefukuzwa shule kwa ada au mzee amelazwa, na jirani mwenye fedha anakuja jioni. Bei wanakubaliana palepale, sehemu ndogo ya ile itakayokuwepo msimu ukifunguliwa, na mti unahesabiwa kuwa wa jirani mpaka mavuno. Miezi ikipita, kahawa hiyohiyo inaingia kwenye ghala la chama kwa jina la mnunuzi wa butura. Yeye ndiye anayepokea malipo ya awali, yeye ndiye anayepokea malipo ya pili. Mkaguzi akifungua daftari, anakuta mwanachama halali na kilo halali. Ulaya mtu anakunywa kikombe chake akiamini amemsaidia mkulima, kumbe amemnenepesha mkopeshaji.

Nanyi wa mjini msijitoe. Wasomaji huniuliza supamaketi gani ina bidhaa zenye nembo, na wengi wao Jumamosi wananunua viazi kutoka gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba juu, wakati sheria ya vipimo inaishia kilo 100. Kile kilemba mkulima hakulipwa.

Sasa mnachoweza kufanya, haraka haraka. Chama: nunueni mizani yenu, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, na kila mwanachama asome namba mwenyewe. Bandikeni makato yote ukutani, moja baada ya jingine. Fungueni dirisha la mikopo midogo ya ada na matibabu, kabla ya maua, maana butura hufa pale mkulima anapopata pa kukopa. Chumeni mbivu tupu, anikeni kwenye vichanja. Hayo yakisimama misimu miwili au mitatu mfululizo, na mnunuzi akawaomba nembo mwenyewe, ombeni. Vikundi vidogo vya vikapu na asali, acheni nembo ya kimataifa kabisa. Ada yake itakula faida. Mnunuzi wa mjini: kahawa iliyosindikwa nchini, kikapu kutoka kwa kikundi kinachoweza kukutajia malipo ya msusi kwa kila kimoja, viazi kwa kilo. Ukiuliza bei ya shambani ukajibiwa kwa hasira, badilisha duka.

Msimu huu, kabla hamjaniita kuja kuzungumzia nembo, niandalieni stakabadhi za malipo za msimu uliopita, zenye majina na kilo. Chama kisicho nazo sitakwenda, na mkaguzi wa Bonn naye atakiangusha siku ya kwanza.