Baridi ya Kisii haizuii jua

Mtu wa Mombasa akipanda Kisii au Nyamira, jambo la kwanza analosifu ni hewa. Jasho halimtoki, na kofia hubaki mkobani. Kwa mtu mwenye ualbino, hapo ndipo hatari inapoanza.

Joto na mionzi inayounguza ngozi ni vitu viwili tofauti. Mionzi hiyo, iitwayo urujuanimno, haionekani wala mwili hauihisi. Kila unapopanda mita 1,000 huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, tena karibu na Ikweta. Mawingu mepesi hayaizuii.

Ushahidi kwamba baridi si kinga uko hata Antaktika, kwenye bahari ya barafu. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka la ozoni, linalochuja mionzi hiyo, hupungua sana huko kila barafu inapokaribia kuyeyuka. Mwani mwekundu wa huko, jamii moja na ule unaolimwa Kibuyuni, Kwale, hujitengenezea mwavuli wake: kemikali ziitwazo maikosporini. Hizo humeza mionzi na kuigeuza joto dogo lisilodhuru. Wanyama wadogo wanaokula mwani huo huipata kinga hiyo kwa chakula.

Sisi binadamu hatuzitengenezi. Kinga yetu ni melanini, rangi ya ngozi, na mwenye ualbino anayo kidogo sana au hana kabisa. Baadhi ya vipodozi sasa hutiwa maikosporini za mwani, lakini kula mwani au kujipaka uliosagwa hakutoshi kumkinga mtu.

Kinachomkinga ni losheni ya jua, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hugawa losheni hiyo bure kwa waliosajiliwa, kupitia hospitali. Mzazi ambaye mwanawe mwenye ualbino anakwenda kusoma bara, ahakikishe losheni imo sandukuni, na mtoto ajue kuipaka tena kila baada ya saa mbili akiwa nje, hata siku ya baridi. Kidonda cha ngozi kisichopona kipelekwe hospitali upesi, kwani saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema hutibika.