Bati yetu na sauti ya kompyuta za zamani

Mu familia nyingi za Kasongo na Kabambare, tukitaja bati watu wanafikiri paka kilo na bei. Sisi wa sendika leo tunaomba mutusikilize juu ya sauti yake.

Ndani ya kompyuta za zamani muna kadi ya sauti. AdLib ilitoka mu 1987 kule Québec, Kanada, kwa watu wanaosema Kifaransa. Aliyeianzisha ni Martin Prevel, aliyekuwa mwalimu wa muziki. Sound Blaster ya Singapore ikafuata mu 1989. Zote mbili zilibeba kidude kimoja cha Yamaha, YM3812, kinachotoa sauti 9 kwa mara moja. Ndani yake hakuna gitaa wala kinanda kilichohifadhiwa. Kinahesabu: wimbi moja linatikisa lingine, njo tunasikia kengele, filimbi, besi. Njia hiyo aliivumbua John Chowning wa Stanford, Marekani, mu 1967.

Vidude vyote vya kadi vimeshikwa na suda, na wakati ule suda ilikuwa karibu 60 kwa mia bati, ingine risasi. Iwe bati ya Kalima, ya Bolivia ao ya Malesia, ikisha kuyeyushwa ni moja tu. Wazee wa SOMINKI wanakumbuka Oktoba 1985: bei ya bati ilianguka dunia nzima, na kazi ya Maniema ikaanguka nayo. Miaka 2 kisha, kadi hizi zikaanza kuimba mu nyumba za wengine!

Vijana wetu wanaopiga kinanda kanisani na ku arusi wanaweza kuzichukua sauti hizo, si uchawi. Waya itoke ku kadi iingie ku tundu la line, si la mikro, maana ku mikro sauti itapasuka. Mupime nguvu, taa nyekundu isiwake. Murekodi noti nyingi, kila ya tatu; mukivuta noti moja tu mpaka juu sana, inalia kama panya. Muiache ife yenyewe, musimkate mkia. Mbele ya noti murekodi sekunde 2 za kimya: pale programu inasoma mungurumo wa grupu na kuuondoa. Lakini musisafishe kupita kiasi. Kelele ndogo ya kadi njo sura yake. Mukiitoa yote, inabaki sombe bila chumvi.

Kuna jambo linatuuma. Kadi mbovu zinachomwa moto ili kupata shaba. Risasi ya suda inaingia mu moshi na mu majivu, watoto wanaivuta, na inaharibu ubongo wao. Ulaya ilikataza risasi mu suda ya vyombo vingi tangu tarehe 1 Julai 2006, na suda mpya ni bati zaidi ya 95 kwa mia. Mchimbaji anayebishana bei ya kasiterite yake kule Kabambare ajue hiyo.

Basi kadi ya zamani muirekodi kwanza. Ikikufa kabisa, muifunge mu mfuko, muiweke mbali na jiko na mbali na watoto.