Alikuwa Nani Kabla ya Risasi?

Katika hadithi nyingi za upelelezi maiti huonekana mapema, kisha husahaulika. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, kilichotuvuta kilikuwa akili ya mpelelezi: ameona nini ambacho mwenzake Najum hakukiona? Aliyekufa ndiye fumbo, na fumbo likishafumbuliwa hatuna haja naye tena. Dust, riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2015, inashika njia nyingine. Naamini msomaji wa Dandora, Kayole au Mathare ana sababu yake mwenyewe ya kuisoma polepole.

Mwanzoni kabisa tunamkuta Odidi Oganda akikimbia katika barabara za Nairobi, nchi ikiwa katika uchaguzi wa 2007. Polisi wanamfyatulia risasi na anakufa. Basi swali la nani kaua limekwisha jibiwa, na msomaji anabaki na lililo gumu zaidi: huyu aliyekufa alikuwa nani? Dada yake, Ajany, amerudi kutoka Brazil, na ndiye anayefanya kazi ya upelelezi. Anawatafuta waliomjua kaka yake, na kila mmoja ana Odidi wake. Yupo mhandisi hodari. Yupo aliyekataa kunyamazia ufisadi, akaumizwa kwa sababu hiyo. Yupo mpenzi wa Justina, mwanamke ambaye sasa ana mimba yake. Yupo pia mtu wa genge, mwenye bunduki. Owuor hawapatanishi watu hawa wala hamfichi yeyote kati yao.

Hapo ndipo riwaya inapogusa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Kijana akiuawa na polisi mtaani, taarifa huwa fupi: mshukiwa wa ujambazi, bastola, risasi kadhaa. Jirani akiongeza kwamba "huyo alikuwa mwizi", mazungumzo yamekwisha. Mama yake hubaki akijitetea kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Anaeleza kwamba mwanawe alikuwa akibeba mizigo soko la Gikomba, kwamba alikuwa mtu wa kanisa, kwamba usiku ule alitumwa unga. Anatakiwa athibitishe usafi wa marehemu kwanza, ndipo aruhusiwe kulia. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kilipotoa ripoti yake kuhusu mauaji ya aina hii mwaka 2017, kilikuwa kinakataa hesabu hiyo: sheria haijampa afisa yeyote ruhusa ya kuhukumu na kuua barabarani, hata aliyeuawa awe amekosa. Riwaya inaweza kwenda mbali zaidi ya ripoti, kwa sababu inatufanya tumpende mtu huku makosa yake tunayajua.

Kumjua aliyefyatua risasi hakutoshi, na historia yetu inalishuhudia hilo. Tom Mboya, mbunge wa eneo ambalo leo ni Kamukunji, aliuawa tarehe 5 Julai 1969 katikati ya jiji. Mtu mmoja alihukumiwa akanyongwa, lakini Wakenya hawakuacha kuuliza nani alimtuma. Owuor analisuka jeraha hilo ndani ya nyumba ya Odidi: baba yake, Nyipir, amebeba siri za miaka ile, na watoto wamelelewa juu ya ukimya wake.

Lugha ya Dust ni nzito, na sehemu kubwa ya huzuni yake inahamia Wuoth Ogik, nyumba ya familia huko kaskazini. Mimi natamani riwaya nyingine, isiyoondoka Eastlands, iliyoandikwa kwa Kiswahili chenye Sheng yake. Mpelelezi awe dada au mama, apite kwa kinyozi, kwa mama mboga, kwa makanga waliofanya kazi na marehemu, kwa vijana wa base wanaonyamaza kwa kuwaogopa makarao, yaani polisi. Mwandishi asimgeuze marehemu kuwa malaika. Jirani aliyeporwa simu na marehemu naye apewe sura nzima, aseme kwa hasira alichopoteza, na mama wa marehemu awe ndiye anayemsikiliza.