Superkondakta

Superkondakta ni dutu ambayo, ikipozwa chini ya halijoto fulani, hupitisha umeme bila ukinzani wowote na kuusukuma nje uga sumaku. Halijoto hiyo huitwa halijoto ya mpito, na kila dutu ina ya kwake. Zebaki, risasi, bati na alumini ni superkondakta zikiwa baridi sana. Dhahabu, fedha na shaba, ambazo ndizo vipitishi bora katika maisha ya kila siku, hazijaonekana kuwa hivyo hata zikipozwa karibu kabisa na sifuri halisi, yaani nyuzi -273 za selsiasi.

Ukinzani na umeme wa Kidatu

Kusini mwa milima ya Vidunda, katika mkoa wa Morogoro, Mto Ruaha Mkuu unapita kati ya milima hiyo na ile ya Udzungwa. Hapo kipo kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204. Umeme wake husafiri kwa njia ya kilovolti 220 hadi Morogoro na Dar es Salaam, takriban kilomita 300.

Njiani sehemu ya umeme huo hupotea. Elektroni zinazopita ndani ya waya hugongana na mitikisiko ya atomi, na nishati yake hugeuka kuwa joto. Katika pasi au jiko la umeme joto hilo ndilo linalotakiwa. Katika njia ndefu ya umeme ni hasara tupu. Dawa ya kawaida ni kupandisha volti. Kwa kiasi kilekile cha nguvu, volti zikiongezwa mara 2 mkondo hupungua kuwa nusu, na joto linalopotea hupungua kuwa robo. Ndiyo sababu bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeunganishwa na Chalinze kwa kilovolti 400. Dawa hiyo hupunguza hasara tu. Superkondakta huiondoa, lakini kwa gharama nyingine.

Ugunduzi

Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, alifaulu kuigeuza gesi ya heli kuwa kimiminika, kwa nyuzi -269 hivi. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika umeme ungefanyaje ndani ya metali baridi kiasi hicho. Wengine walidhani elektroni zingeganda na mkondo kukoma. Tarehe 8 Aprili 1911 Onnes na wenzake walipima zebaki wakaona ukinzani wake umetoweka ghafla kwenye kelvini 4.2, badala ya kupungua polepole. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1913.

Mwaka 1933 Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua jambo la pili: superkondakta huufukuza uga sumaku kutoka ndani yake. Kwa hiyo sumaku ndogo ikiwekwa juu ya superkondakta inaweza kuelea hewani. Ugunduzi huu ulionyesha kwamba superkondakta ni zaidi ya waya mzuri mno. Ni hali tofauti ya dutu, kama vile barafu ilivyo tofauti na maji.

Maelezo yalichelewa hadi 1957, yalipotolewa na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer. Elektroni zote zina chaji hasi na husukumana. Lakini elektroni inapopita kati ya atomi zenye chaji chanya huzivuta kidogo zisogeleane, na sehemu hiyo yenye chanya nyingi huivuta elektroni nyingine. Hivyo elektroni huungana mbilimbili, na jozi zote husogea kama kundi moja. Kundi hilo haliwezi kupunguzwa mwendo na mtikisiko wa atomi moja hapa au pale. Joto likizidi, jozi huvunjika na ukinzani hurudi. Uga sumaku mkali mno au mkondo mkubwa mno huleta matokeo hayohayo.

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller, wakifanya kazi Uswisi, walipata superkondakta ndani ya kauri, kitu ambacho wengi hawakutarajia kwa sababu kauri za kawaida hazipitishi umeme. Mwaka uliofuata ilipatikana kauri ya itri, bari na shaba inayofanya kazi hadi kelvini 93. Tofauti ilikuwa kubwa kimatumizi, kwani nitrojeni, inayopatikana kwa wingi katika hewa, huwa kimiminika kwenye kelvini 77 na ni rahisi kuliko heli. Nadharia ya 1957 haitoshi kueleza kauri hizi, na swali hilo bado liko wazi.

Sumaku za hospitali

Superkondakta ambazo watu wengi hukutana nazo, bila kujua, ziko ndani ya mashine za MRI. Mashine nyingi za aina hiyo zina koili ya aloi ya niobi na titani iliyozamishwa katika heli kimiminika. Mkondo ukishaanzishwa ndani ya koili huzunguka wenyewe miaka na miaka bila kuongezewa umeme.

Hapo kuna jambo la kuzingatia penye umeme wa kukatikakatika. Umeme wa gridi ukizimika, sumaku haizimiki: mtungi wa oksijeni ukiingizwa chumbani gizani bado utavutwa kwa nguvu ya kuua. Kinachosimama ni mtambo wa kupoza. Usiporudishwa kazini, heli huanza kuchemka na kupungua, na ikipungua mno koili hupata joto, ukinzani hurudi kwa ghafla na heli iliyobaki hutoka kwa kishindo. Kuijaza upya ni gharama kubwa.

Matumizi mengine ni kichapuzi cha chembe cha CERN huko Geneva, chenye mzingo wa kilomita 27, na treni ya majaribio ya Japani inayoelea juu ya sumaku, iliyofikia kilomita 603 kwa saa mwaka 2015. Treni ya SGR inayopita Kilosa ni ya umeme pia, lakini hutumia nyaya na mota za kawaida.

Je, njia ya Kidatu ingeweza kubadilishwa?

Kifizikia inawezekana. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, uliunganishwa na kebo ya superkondakta yenye urefu wa kilomita 1 hivi, ikipozwa kwa nitrojeni. Mjini, ambako nafasi chini ya barabara ni finyu, kebo nyembamba ina faida. Kutoka Kidatu hadi Dar es Salaam zingehitajika kilomita 300 za bomba lisilopitisha joto, pamoja na vituo vya kupoza visivyolala. Tena, kwa mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hata superkondakta hupoteza nishati kidogo. Waya wa alumini ulioning'inia nguzoni unabaki kuwa chaguo la busara.

Heli ya Rukwa

Heli nyingi duniani hupatikana pamoja na gesi asilia, hasa Marekani, Qatar na Algeria. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heli katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Hapo imechanganyika zaidi na nitrojeni. Ilizalishwa kwa mamilioni ya miaka na urani na thori zinazooza ndani ya miamba ya kale, kisha joto la volkeno za Bonde la Ufa likaiachilia kutoka katika miamba. Ili itumike kupozea sumaku ni lazima itenganishwe, isafishwe na kugeuzwa kuwa kimiminika, na mitambo ya kufanya hivyo ni ghali kuliko kisima chenyewe.