Kijana wa Pwani Kusini Katika Kalamu za Wengine
Sehemu ya Pili: Chale wakati wa kusi

Mtafiti akifika Chale, huku kwetu Pwani Kusini ya Kenya, mwezi Juni atawakuta vijana wamekaa. Wengine wako bandani wanashona nyavu, wengine wamejipumzisha kivulini na simu zao. Ataandika alichokiona, wala hatakuwa amesema uongo. Ila Juni ni kusi. Bahari nje ya mwamba imechafuka, dau haliwezi kutoka, na hoteli za Diani zimewapumzisha vibarua kwa kukosa wageni. Lau angekuja Januari, kaskazi imeshika na bahari inaendeka, au wakati wa bamvua maji yakitoka hadi mwamba ukawa wazi, vijana hao hao angewaona kwa mbali, wameinama na vyuma vyao wakichokoa pweza, na hakuna ambaye angesimama kujibu maswali yake.

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Ulaya na Marekani wanaokuja kutafiti hupata likizo zao ndefu katikati ya mwaka, ndio wakati wa kusi kwetu. Hivyo picha ya kijana wa pwani asiye na shughuli huweza kutokana na kalenda ya chuo kilicho mbali, kabla mtu yeyote hajaulizwa lolote.

Kisha linakuja dodoso. Chukua kijana anayevua kaskazi, anayebeba abiria kwa bodaboda jioni, na kumsaidia mamake kupanda muhogo mvua ya mwaka ikinyesha. Anaulizwa: una kazi? Anajibu hana, maana kazi kwake ni ile yenye barua na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida kwa saa moja tu ndani ya wiki anahesabiwa ameajiriwa. Basi kijana huyo mmoja anaweza kuwa mwajiriwa katika ripoti moja na asiye na ajira katika nyingine, na gazeti likachukua ile inayotisha zaidi.

Mfano mkubwa wa namba iliyotembea peke yake ni wa Desemba 2006. UNICEF na Serikali ya Kenya walitoa uchunguzi kuhusu unyonyaji wa watoto kingono katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walihusika, na kwamba hao waweza kufika asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 12 hadi 18 katika maeneo hayo. Hilo ni jambo zito na lilistahili kusemwa kwa sauti kubwa. Watoto waliumizwa, na wazee tuliokuwa tukiona tukanyamaza tuna lawama. Lakini soma ripoti yenyewe. Idadi hiyo ilikuwa ya wanaohusika mara moja moja, au kwa msimu. Waliokuwa humo mwaka mzima walikadiriwa, pamoja na wavulana, kuwa 2,000 hadi 3,000. Tena ripoti ilisema kundi kubwa zaidi la wateja ni Wakenya, asilimia 38, wakifuatwa kwa mbali na Waitaliano 18, Wajerumani 14 na Waswisi 12.

Katika kusambaa kwa habari, asilimia 30 ndiyo iliyopaa, na pamoja nayo Mzungu wa ufuoni. Mkenya mwenye gari, mwenye familia, aliyekuwa akilipa na kurudi kwake, alipotea njiani. Ile tahadhari ya kwamba haya ni makadirio nayo ilipotea. Msichana wa Diani aliyekuwa darasani mwaka ule alisomewa kwenye habari kwamba yeye ni mmoja wa kila watatu.

Mvulana yeye ameandikwa vingine. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi sita wakauawa, na ghasia zikaenea Pwani Kusini. Vijana waliovamia walikuwa wamefunzwa msituni, Kaya Bombo. Habari nyingi zilijaa viapo na hirizi. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2002, walifanya jambo rahisi: waliwahoji wavamizi wenyewe. Yakatoka mambo ya ardhi, ya ajira zilizokwenda kwa watu wa bara, na ya wanasiasa waliowatumia. Kosa lao halikufutika, lakini msomaji alielewa lilikotoka. Baadaye, ilipokuja hofu ya al-Shabaab na msamaha wa serikali wa Aprili 2015 kwa wanaorejea kutoka kundi hilo, uchunguzi wa namna hiyo wa kusikiliza kwa subira ulihitajika tena, na mara nyingi kilichokuja ni kamera mlangoni pa msikiti.

Filamu nayo imemtaka mvulana huyu akiwa na kazi moja tu. Mwaustria Ulrich Seidl alitengeneza Paradies: Liebe, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2012, juu ya wanawake wa Ulaya na vijana wa ufuoni. Mama na dada zao, na madeni yanayowatoa nyumbani alfajiri, wako pembeni.

Watafiti wa afya ndio waliomjua mtoto wa Msambweni, Kwale, kwa muda mrefu zaidi. Tangu miaka ya 1980 wanafunzi wa shule wamepimwa mkojo kwa ajili ya kichocho, na dawa walizopewa ziliwafaa. Hivi karibuni, utafiti wa dawa ya ivermectin dhidi ya malaria ulipima watoto wa Kwale wa miaka 5 hadi 15. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 26. Kazi hii naiheshimu sana. Hata hivyo, mada yake ni damu na mkojo, na ni haki yetu kutaka pia utafiti wenye subira hiyohiyo kuhusu wanachokifikiri watoto hao.

Mzazi wa Chale ana nguvu kuliko anavyodhani. Mtafiti lazima awe na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, kwa mujibu wa sheria ya sayansi ya 2013, omba ukione. Mtoto chini ya miaka 18 hahojiwi bila mzazi au mlezi kuridhia, na mtoto mwenyewe naye aulizwe kama anataka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu mtu kuondoa ridhaa aliyokwisha kuitoa. Uliza pia matokeo yataletwa lini, na yatasomwa wapi: barazani kwa chifu, shuleni, au msikitini baada ya Ijumaa. Wiki ijayo nitaeleza namna ya kuandika malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari, gazeti likimtaja mtoto kwa jina au kuonyesha uso wake.