Kabla ya mvua za Novemba, bandua kwanza silikoni ya zamani

Oktoba inapoelekea ukingoni, wakazi wa Sikonge huangalia vitu viwili: mawingu na paa. Mkoa wa Tabora una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mvua zikishaanza, bati lenye tundu halikupi nafasi ya kujipanga. Leo ni tone moja juu ya kitanda cha mtoto, kesho unakinga kwa ndoo, keshokutwa godoro limeloa na madaftari ya shule yamevimba.

Familia nyingi hununua tyubu ya silikoni na kumwita fundi, naye hupanda na kupaka juu ya ile ya mwaka jana. Siku hiyo panaonekana pamezibika. Mvua ya tatu maji yanarudi palepale, na mwaka unaofuata anapaka tena. Ukipanda juu ya nyumba iliyotengenezwa hivyo kwa miaka kadhaa, utakuta tabaka juu ya tabaka, na chini yake bati limeanza kula kutu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila ufa uliozibwa juu ya uchafu haujazibwa.

Kwa nini mpya haishiki

Silikoni ikishakauka, uso wake hukataa karibu kila kitu. Rangi haikai juu yake, gundi haikai, na hata silikoni mpya hushika kwa shida. Ongeza vumbi la kiangazi kizima, na utapata nyufa nyembamba katikati ya tabaka ambazo macho hayazioni lakini maji yanazipata. Yakishaingia humo hayatoki upesi, na bati linaoza taratibu likiwa limefunikwa.

Kwa mzazi, hasara haiishii kwenye bati. Dari ikikaa na unyevu, ukungu mweusi huota ukutani na kwenye nguo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo hupata zaidi pumu na matatizo ya kupumua. Mtoto anayekohoa kila masika huenda analala chini ya tundu.

Hakikisha ni silikoni, na hakikisha tatizo ni hilo

Vuta kidogo pembeni. Silikoni huvutika kama mpira kisha hurudi. Lami nyeusi hunata kwenye jua au hupasuka vipande. Pati huwa ngumu na humeguka.

Angalia pia misumari ya bati. Mara nyingi maji hayapiti kwenye maungio bali kwenye msumari uliolegea au ambao mpira wake umekauka na kupasuka. Huo unabadilishwa, haupakwi. Na kama kutu imeshatoboa bati, silikoni siyo dawa. Bati hilo libadilishwe.

Namna ya kubandua

Fanya kazi hii asubuhi, paa likiwa kavu na kabla bati halijawaka moto. Laza kisu cha wembe karibu usawa wa bati, ukate chini ya ukingo wa silikoni upande mmoja, kisha upande wa pili. Shika ncha uivute polepole, ukiinamisha mkono kuelekea bati badala ya kuinua juu. Ikivutwa hivyo, sehemu kubwa hutoka kama kamba.

Mabaki yakwangue kwa plastiki ngumu: kadi ya zamani, au kipande kilichokatwa kwenye kidumu. Usitumie patasi, msasa mkali wala brashi ya waya. Kinachokinga bati dhidi ya kutu ni tabaka jembamba la zinki au rangi. Ukilichubua, umefungua mlango mpya wa kutu, hasa kwenye bati la rangi.

Sasa unabaki utando mwembamba usioonekana vizuri. Sugua kwa kitambaa kikavu kwa nguvu, kisha futa kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Ujaribu kwa matone ya maji: yakikimbia na kujikusanya sehemu ile tu wakati pembeni yanatandaa, utando bado upo. Rudia, na acha pakauke kabisa kabla ya kupaka mpya.

Siki, petroli, mafuta ya taa na nta

Watu hushauriana kulowesha silikoni kwa siki. Siki haiiyeyushi. Mafuta ya taa na petroli vinaweza kuivimbisha kidogo, lakini mafuta ya taa huacha ute unaozuia silikoni mpya kushika, na petroli juu ya bati la moto ni kualika moto nyumbani. Thina huharibu rangi ya bati.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mafuta ya taa yaliyobaki humiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa pembeni, na mtoto mwenye kiu haulizi. Akiyanywa, usimtapishe, maana yakipita tena kooni yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na ubebe chupa hiyo ili mhudumu aone alichokunywa.

Kwa kuwa Sikonge ni wilaya ya asali, wapo pia wanaoziba kwa nta ya nyuki. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na ushee, na hulainika mapema kabla ya hapo. Juu ya bati, jua la Oktoba linatosha kuilegeza.

Tyubu ipi ununue

Si kila silikoni inafaa bati. Ile inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi inayokula zinki, na haishiki vizuri kwenye saruji. Hiyo ni ya kioo na vigae. Kwa bati na ukuta wa saruji, tafuta tyubu iliyoandikwa "neutral" na inayotajwa kuwa ya nje. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu iliyokaa sana dukani huweza isikauke vizuri.

Ngozi ya juu hukauka ndani ya dakika chache, lakini ndani huchukua muda: milimita mbili au tatu kwa siku. Kwa hiyo usisubiri wingu lishafunga ndipo umwite fundi. Ipe angalau saa 24 bila mvua.

Mambo ya usalama

Kama familia inakinga maji ya mvua, ondoa bomba la gata linaloingia kwenye tenki kabla ya kuanza. Fagia vipande vyote, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kazi yamwagwe, yasiingie tenkini.

Vipande vya silikoni ni laini kama mpira, na mtoto mdogo huweza kuvimeza au kukabwa navyo. Viokote pamoja na wembe uliotumika. Mtu mmoja ashike ngazi muda wote, na kaa mbali na mahali waya wa umeme unapoingilia nyumba. Kama paa ni la asbesto, kama yalivyo baadhi ya majengo ya zamani, usikwangue kabisa. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Wenye gari la familia linalovuja, njia hii inafaa kwenye maungio ya paa na keria. Kioo cha mbele msikiguse. Hicho hushikwa kwa gundi maalumu inayochangia uimara wa gari, na ni kazi ya fundi wa vioo.

Ongea na fundi kabla hajapanda

Fundi akisema, "Mama, hiyo ya zamani haina shida, tunapaka juu yake," usibishane naye. Mwambie, "Fundi, naomba uibandue yote kwanza, na muda wa kubandua nitaulipia." Hapo ndipo wengi hukwama: kubandua kunachukua muda mrefu kuliko kupaka, na fundi anayelipwa kwa kupaka tu hana sababu ya kupoteza asubuhi nzima akikwangua.

Kubalianeni pia kwamba sehemu ya malipo itatolewa baada ya majaribio. Kesho yake, mtu amwage ndoo ya maji taratibu juu ya maungio, mwingine akiwa ndani anaangalia dari. Pakiwa pakavu, mlipe kilichobaki na umshukuru. Pakivuja, mtajua bado kuna jua la kurekebisha, na kitanda cha mtoto bado ni kikavu.